Mito Mitatu

Juzi msomaji ameniandikia: "Dada, usiku nakohoa, nikilala chali pumzi inakata. Sasa nalalia mito mitatu. Wameniambia ni pumu." Nikaiweka simu chini. Mimi nilifika mito minne.

Kwa miezi 14 nilivuta dawa ya pumu. Kifua kilikuwa kinakoroma, sikatai, ila hukoroma pia moyo unapozidiwa na maji yakajaa kwenye mapafu. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba ngazi nazipanda kwa vituo, kwamba viatu vya asubuhi jioni havinienei, na kwamba usiku wa manane nakurupuka kwenda dirishani kutafuta hewa. Daktari mmoja aliniambia nina wasiwasi tu. Nimejaribu kumsamehe. Bado.

Aliyenigundua ni daktari kijana, mpole, ambaye wengine walikuwa wanampita kwenye foleni. Alinilaza ubavu wa kushoto, akaweka kipimo chake chini ya titi, akasikiliza muda mrefu bila kusema neno. Kesho yake nikapimwa eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Vali ya mitral, mlango wa kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ilikuwa imekakamaa na kubaki na tundu lisilofika sentimita 1 ya mraba. Ya mtu mzima mwenye afya ni 4 hadi 6. Chanzo kilikuwa homa ya rumatiki ya utotoni, ile inayoanza na koo kuuma, koo ambalo hakuna aliyelijali. Kipimo cha umeme wa moyo nacho kikaonyesha chumba cha juu kinatetemeka badala ya kukaza. Damu ikituama humo huganda, na bonge likichomoka likaenda kwenye ubongo, ni kiharusi. Kumbe muda wote huo napuliza dawa ya kifua!

Upasuaji nauruka. Nilitoka na vali bandia, ile ya chuma, na kukiwa kimya naisikia ikigonga.

Nisijifanye mjuzi, maana kosa lililofuata lilikuwa langu. Ukiwa na vali hii unakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yako yote, na damu inapimwa mara kwa mara. Kipimo hicho huitwa INR, kinaonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, na yangu inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Mgongo uliniuma, nikameza diklofenaki siku tano bila kumuuliza mtu. INR ilikuwa sawasawa kabisa, lakini tumbo likavuja damu, choo kikawa cheusi kama lami. Dawa za maumivu za aina hiyo zinachubua tumbo, na mwenye moyo dhaifu zinamjaza maji. Uliza kwanza, ndugu yangu. Hata kidonge kimoja, uliza.

Na pima uzito kila asubuhi ukishakojoa. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku tatu, hujanenepa, hayo ni maji. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Dada wa mito mitatu nilimjibu hivi: dawa ya pumu usiiache kwa uamuzi wako, lakini omba eko. Wakikuambia una wasiwasi, omba tena. Mimi niliona aibu kuomba, na aibu hiyo ilinila miezi 14.

Jana ameandika kwamba amepangiwa Alhamisi. Nimemwambia akiingia aanze na mito, kikohozi akitaje baadaye.