Fedha za utafiti wa maumivu na uraibu: daktari wa Lubumbashi aombe wapi?

SWALI: Jambo Dokta. Mimi ni daktari na asistenti wa chuo kikuu hapa Lubumbashi, doktora (PhD) bado sina. Nataka kuchunguza matumizi ya tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, kwa vijana wenye drepanositozi (selimundu). Nimeona tangazo la HEAL, la Marekani, la kusaidia watafiti chipukizi wa asili mbalimbali wanaochunguza maumivu na uraibu. Mimi ni Mkongomani, mweusi, mwanamke. Si ndiyo mimi huyo? (Msomaji, Kampemba)

JIBU: Hapana, mama dokta, si wewe. HEAL ni mpango wa NIH, taasisi kuu ya utafiti wa afya ya Marekani, ulioanza mwaka 2018 wakati dawa za jamii ya afyuni zilipokuwa zikiua makumi ya maelfu ya watu kule kila mwaka. Fedha zake za watafiti wa asili mbalimbali zilikusudiwa raia wa Marekani na wenye kibali cha kudumu cha kuishi huko, kutoka makundi ambayo ni nadra kuonekana kwenye maabara zao. Tena mwaka 2025 NIH iliondoa matangazo mengi ya aina hiyo, kwa hiyo huenda uliloliona ni la zamani. Usilipotezee hata wikendi moja.

Mlango wako ni K43, ruzuku ya Kituo cha Fogarty, kitengo cha NIH cha mambo ya kimataifa. Iliundwa kwa watafiti wa nchi za kipato cha chini na cha kati wenye ajira katika chuo au taasisi ya kwao, na udaktari wa tiba unakubalika. Hakikisha kwanza kuwa awamu mpya imefunguliwa. Utahitaji walezi wa kitaaluma wasiopungua wawili, mmoja wa Marekani na mmoja wa huku, na robo tatu ya muda wako wa kazi iende kwenye utafiti. Hapo ndipo wenzetu wengi wanakwama, maana mshahara wa serikali hautoshi na jioni kuna kliniki ya mtu inakungoja. Zungumza na watu wa nyumbani kabla ya kumwona mkuu wa kitivo.

Wellcome, shirika la hisani la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, nalo liko wazi kwa Kongo, na kwa watafiti wa ngazi ya mwanzo hutoa hadi pauni 400,000 za gharama juu ya mshahara, lakini wanataka doktora au uzoefu wa utafiti wa miaka kadhaa unaolingana nayo. Iweke akiba.

Kumbuka kwamba mwombaji wa K43 ni chuo, wewe ni jina ndani ya ombi. Chuo kinahitaji namba ya NCAGE (ya kutambulisha taasisi), usajili wa SAM (mfumo wa serikali ya Marekani wa wanaopokea fedha zake), kisha akaunti ya eRA Commons (mtandao wa NIH wa maombi), na jina pamoja na anwani vilingane herufi kwa herufi kila mahali. Ukiandika jina kwa Kifaransa huku na kwa Kiingereza kule, faili linaweza kurudishwa. Hii inaweza kula wiki nyingi, basi ianze kabla hujaandika mstari wa sayansi.

Kwenye sayansi yenyewe, tenganisha uraibu na mwili kuzoea dawa. Kijana anayeamka usiku na maumivu ya mifupa akaomba dozi kubwa zaidi si lazima awe mraibu. Huenda dozi ya zamani haimfikii tena, au hakutibiwa vya kutosha tangu mwanzo. Ukiwachanganya hao na waraibu, wakaguzi watakukataa, na watakuwa na haki. Halafu tramadoli haimo katika orodha za udhibiti wa kimataifa kama morfini, kwa hiyo usitegemee daftari za dawa za kulevya. Panga kwenda kwenye maduka ya dawa ya mtaani. Utashawishika kuongeza wachimbaji wa madini na wanywaji wa lutuku, pombe kali ya kienyeji, humohumo. Waache, huo ni mradi mwingine.

Mlezi wa Marekani mtafute kwenye NIH RePORTER, tovuti ya NIH ya kutafuta miradi inayofadhiliwa, ni bure: andika drepanositozi na maumivu kwa Kiingereza, utaona nani ana ruzuku sasa hivi na yuko chuo gani. Mwandikie ukurasa mmoja, bila zile salamu ndefu za barua zetu za Kifaransa, na mistari ya juu kabisa iseme unaona wagonjwa wangapi kwa mwezi.