Wakili mpya, siri ya mteja usije ukaimwaga wewe

Mwaka wangu wa pili kazini nilipeleka maombi ya zuio la muda (amri ya mahakama ya kumzuia mtu wakati kesi ikisubiri) dhidi ya fundi aliyehama kiwanda cha mteja wangu na, kwa madai yetu, kuondoka na fomula ya rangi. Ili jaji asibaki na shaka, niliambatanisha kwenye kiapo karatasi ya fomula yenyewe, vipimo na yote. Kikasajiliwa, nakala zikapelekwa upande wa pili. Mteja hakufoka. Aliniuliza tu, "Wakili, hiyo karatasi umeshaigawa kwa watu wangapi?"

Siku hizi naieleza siri kwa mipaka yake tu, na undani wake naomba jaji auone faragha. Lakini kwanza mteja aniambie siri ni ipi. Wengi hujibu "biashara yangu yote", na hapo ndipo kesi hufia. Someni Faccenda Chicken v Fowler, ya Uingereza, 1986: kampuni ya kuku ilimshtaki meneja wake wa zamani kwa kutumia taarifa za wateja, njia za magari na bei, ikashindwa. Yaliyokaa kichwani mwa mfanyakazi kama uzoefu wa kazi ni yake, anaondoka nayo. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila unashawishi.

Kuhusu zuio, kila mtu anakariri vigezo vitatu vya kulipata, vya Atilio v Mbowe, kesi ya hapa Tanzania ya 1969. Ninyi kazeni kwenye kile cha hasara isiyofidika kwa fedha, maana siri ikishatoka hairudi. Ila mteja aliyekaa miezi minane ndipo akakumbuka kushtaki, hoja hiyo itamtoka kwa shida.

Sasa kuzungumza. Majaji wengine mtakaowakuta wanaandika ushahidi kwa mkono. Tazama kalamu, ikiwa inakimbia, nyamaza, hata kama una hoja tamu mdomoni. Na tangu marekebisho ya sheria ya 2021 yafanye Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, sisi tuliosomea sheria kwa Kiingereza ndio tunaokwama. Mimi huandika maswali yangu kwa Kiswahili usiku wa kuamkia shauri na kuyasoma kwa sauti. (Mke wangu amezoea.)

Kesi nyingine nilikuwa na shahidi mkemia, mtu wa maneno mazito. Tukakubaliana aseme hivi: viungo vya pilau kila mtu anavijua, siri iko kwenye kiasi, na kipi kinatangulia sufuriani. Jaji aliandika neno "pilau", nikaliona kwa macho yangu.

Yakaja maswali ya dodoso, zamu ya upande wa pili kumhoji shahidi wangu. Wakili msomi wa upande wa pili alisimama na swali moja: kabati la fomula lilikuwa na funguo ngapi? Shahidi akanitazama, kisha akamjibu kwamba lilikuwa halifungwi.