Nilivyouza kilomita 113

Mwaka wa kwanza nilifanya kama wanavyofanya wengi: nikaomba ahadi za kuchangia matibabu ya watoto wenye matatizo ya moyo. Grupu likafunguliwa, watu wakaandika majina na viwango, nikajaza daftari hadi shilingi 4,200,000. Nikaogelea, nikaendesha baiskeli, nikakimbia, nikamaliza. Jumatatu nikaanza kukumbusha, huku nashuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja. Mmoja akanijibu, "Si umemaliza salama dada? Hongera sana!" Akaweka na maua matatu. Nilikusanya 1,350,000, basi.

Nilisahau jambo ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi hapa Dar analijua: pilau likishaliwa, hakuna anayetafuta kadi ya mchango.

Kwa asiyejua, nazungumzia nusu ya Ironman, ule mchezo mrefu wa michezo mitatu (triathlon): kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Jumla 113. Uliokamilika ni mara mbili yake, 226, na ulianzia Hawaii mwaka 1978, watu 15 wakaanza na 12 wakamaliza. Huo siugusi, nina watoto. Hata huu nusu sikwenda kwenye mashindano ya mtu. Nauli na ada ya usajili nje ya nchi ingekula fedha nilizokuwa nazitafuta, kwa hiyo nilijipangia njia yangu hapahapa: kuogelea Kunduchi, baiskeli kwenda Bagamoyo na kurudi, halafu mbio hadi Coco Beach, pungufu naijazia kwenye Daraja la Tanzanite.

Mwaka wa pili nikaacha kuomba ahadi, nikauza kilomita. Kila moja 30,000. Mbili za baharini nikaziuza 60,000 kila moja, na hizo ndizo zilizowahi kuisha. Watu wanapenda kulipia kitu wanachokiogopa. Asiye na 30,000 anaungana na wenzake. Jina linaingia kwenye orodha fedha ikiingia, si kabla. Ghafla watu wakawa wanagombania namba: huyu anataka ya umri wake, yule anataka ya mwisho.

Ukitaka kujaribu, fungua laini mpya ya simu kwa ajili ya michango tu. Mimi mara ya kwanza nilipokelea kwenye namba yangu, ikachanganyika na hela ya umeme, kodi na fedha ya shemeji aliyokuwa ananirudishia, nikakesha usiku mzima napitia meseji moja moja. Na gharama zako zibaki zako. Viatu, pancha, ndizi, vyote mfukoni mwako, na uliseme hilo mapema kabla hujaulizwa.

Nilikuwa nachangia matibabu ya watoto wenye matatizo ya moyo pale Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Muhimbili. Kwa taasisi ya serikali unaomba kontroo namba, yaani namba ya malipo ya serikali, unalipa, unapiga picha risiti, unaituma kwenye grupu siku hiyohiyo. Risiti hiyo iliniletea wachangiaji wapya wengi kuliko picha zangu za mazoezi.

Haya, mwili. Baharini usijifundishe peke yako. Mimi nilimpata mzee mmoja mvuvi, akawa ananifuata na mtumbwi wake. Siku ya kwanza nilimwambia nimepanga Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Akacheka. "Binti yangu, Jumamosi ni bamvua, maji yatakuwa yanatoka. Utaogelea mpaka uchoke na bado unauona mnazi uleule." Bamvua ni siku za mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanapojaa na kutoka kwa nguvu. Tukasubiri maji mafu, mkondo unapopungua nguvu. Tangu hapo kalenda yangu naipanga kwa mwezi wa angani, ofisini wanashangaa tu.

Baiskeli anza giza halijaisha, uwe umeshapita Tegeta na Boko kabla malori ya saruji na kokoto hayajaamka. Rafiki yangu alinifuata na bodaboda, amebeba tyubu mbili, pampu na maji. Maji matupu kwa saa sita za joto hili ni hatari, chumvi nyingi inakutoka na jasho. Tia chumvi kidogo na sukari, kula tende njiani. Na mara moja kwa wiki, ukishuka kwenye baiskeli kimbia papo hapo, hata dakika 15. Usipozoea, siku yenyewe miguu itakuwa kama ya mtu mwingine.

Orodha ya majina niliifunga kwenye bomba la baiskeli kwa selotepu. Ya kukimbilia niliikunja kwenye mfuko wa nailoni. Maeneo ya Tangi Bovu msuli wa paja ulikaza, nikasimama pembeni ya barabara, jua la saa saba liko utosini. Nikafungua karatasi. Kilomita ya 97: mama wa chapati wa pale ofisini na wenzake wawili, elfu kumi kumi. Yule mama huwa ananikumbusha deni la chapati moja kwa wiki nzima. Nikaanza kuchechemea.

Kati ya 113 zimelipwa 103. Kumi zilizobaki ni za mjomba, ambaye nilimwandika bila kulipa kwa sababu ni mjomba. Nilizikimbia zote. Mjomba, kama unasoma hapa, shikamoo, namba ni ileile.