Siro ya kukohoa ya mukubwa usimupe mudogo, mimi nilishajaribu

Mama mwenye ameuliza kama mutoto wake wa mwaka moja na nusu anaweza kunywa siro yenye dokta aliandikia dada yake wa miaka 9, ju imebaki nusu chupa na kikohozi ni kile kile: hapana mama, usimupe.

Kwangu ilikuwa kiangazi, na hapa Goma munajua vile vumbi ya mawe ya volkano inafanyaka, nyumba nzima tulikuwa tunakohoa. Mukubwa alikuwa na ordonansi yake, kijiko cha chai moja kila usiku. Mudogo hakuwa na kitu. Usiku anakohoa paka anatapika, nikasema basi nimupe nusu kijiko, si yeye ni mudogo? Umeme ilikuwa imekatika, kijiko cha chai sikukiona, nikachukua kile cha supu. Akalala, na mimi hata nikafurahi.

Saa saba za usiku nikaamushwa na kimya. Nikamuwekea mukono kwa kifua: kinapanda, kinakaa, kinakaa tena, njo kinashuka. Ninamuita, ninamupiga kwa nyayo, anafungua macho nusu anafunga. Tukamukimbiza na pikipiki ya jirani, wakamuchunga paka asubui, Mungu alisaidia.

Muuguzi njo alinipigia hesabu. Kijiko cha supu kinaingiza kama mililita 15, nusu yake ni 7 na nusu, na mukubwa mwenyewe alikuwa anapata 5! Tena ndani mulikuwa prometazini, dawa yenye haipewi mutoto wa chini ya miaka 2 ju inaweza kumukatisha pumzi. Wangu alikuwa na mwaka moja na miezi nane. Iliandikwa kwa karatasi ya ndani ya boksi, na ile boksi nilishaiwashia mbabula ya makaa.

Tangu siku ile, kwa farmasi ninaomba seringi ya plastiki isiyo na sindano, na ninauliza "mililita ngapi", habari ya vijiko sitaki tena. Ninahakikisha dokta amepima mutoto kilo. Na jina ya dawa ninaisoma mwenyewe: nikiona kodeini ninairudisha, ju ini inaigeuza kuwa morfini, dawa kali ya maumivu yenye inaweza kukatisha pumzi, na kuna watoto wenye inageuka mbio sana, njo maana Ulaya tangu 2015 walikataza kuitumia kwa kikohozi cha watoto wa chini ya miaka 12. Karbosisteini nayo, ile ya kulainisha makohozi, yenye watu wanaona ni dawa nyepesi tu, Ufaransa hawaipi wa chini ya miaka 2. Kitu ingine, kama siro ya mafua iko na parasetamoli usiongeze ingine ya homa juu yake, unakuwa umemupa mara mbili.

Wako usiku huu mupe asali nusu kijiko cha chai (amepita mwaka moja, chini ya hapo asali ni hatari), na titi au maji kidogo kidogo. Mbabula itoke nje. Akitulia mufungue nguo, uhesabu pumzi dakika moja nzima na saa mukononi. Ikifika 40, ao nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani akivuta, usingoje kuche, mupeleke, na ile nusu chupa uende nayo waione.