Stelingi Hafi?

Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Filamu ambayo staa mmoja anawasaka wala rushwa na kuwamaliza, humjenga mtazamaji au humlewesha?" Nitajibu kwa filamu moja tu. Niliitazama nikiwa na watu ambao iliwagusa kuliko ilivyonigusa mimi, na ugomvi wao wa usiku ule ninao kichwani hadi leo.

Filamu yenyewe ni Tagore, ya Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, iliyotoka mwaka 2003. Iliongozwa na V. V. Vinayak, na staa wake ni Chiranjeevi, ambaye mashabiki humwita Annayya, yaani kaka mkubwa. Mwaka uliofuata mimi nilikuwa Muscat, nafanya kazi ya ghala, tunalala watu sita katika chumba kimoja pale Ruwi. Wanne walikuwa Watelugu: mzee mmoja wa Karimnagar, kijana wa Vijayawada na ndugu wawili wasemaji kidogo. Wa tano alikuwa mpishi, Mtamil wa Madurai, wa jimbo jirani lenye lugha yake. Mswahili nilikuwa peke yangu. Ijumaa tulikuwa hatuendi kazini, basi kijana akaleta VCD, tukajipanga chini mbele ya televisheni ndogo, naye akawa ananitafsiria kwa Kihindi chetu cha ghalani ambacho nusu yake ni Kiarabu.

Kisa chake kwa ufupi: mhadhiri wa chuo anafiwa na familia baada ya jengo walimokuwa wakiishi kuporomoka, kisha anagundua kwamba mkono wa rushwa ndio ulioruhusu jengo hilo. Anaunda kikosi cha siri cha wanafunzi wake wa zamani, ambao sasa wametapakaa katika ofisi za serikali. Hao ndio wanaochungulia mafaili na kuandika nani kala nini. Maafisa wanatekwa kwa mkupuo, aliyezidi wenzake kwa ulaji anauawa, waliobaki wanaachiwa warudi kazini. Kesho yake ofisi zinafanya kazi bila mtu kuomba chai.

Watu wengi mkiwauliza wanaipendea nini watawatajia ngumi, au lile tamko la stelingi kwamba katika Kitelugu kizima kuna neno moja tu asilolipenda: msamaha. Mle chumbani wote wanne walilitamka kabla hajamaliza kulitamka yeye. Lakini mzee wa Karimnagar hakusimamisha VCD hapo. Aliisimamisha kwenye hospitali.

Mnaoijua filamu mnaikumbuka sehemu hiyo. Mhadhiri anaichukua maiti, mtu ambaye tayari ana cheti cha kifo, anaikimbiza kwenye hospitali kubwa ya binafsi kama mgonjwa mahututi. Hospitali inaipokea. Wanakimbia na kitanda, wanaagiza vipimo, wanataka dawa, wanataka malipo, wanatoka na nyuso za huzuni kusema wamejitahidi ila wamechelewa. Ndipo anawatolea cheti. Hakuna risasi pale. Kuna karatasi mbili tu, bili na cheti, na tarehe zake hazipatani.

Mzee aliomba irudishwe nyuma, tukaitazama tena. Kisha akatuhadithia habari za kaka yake, aliyelazwa katika hospitali moja ya binafsi huko kwao. Waliuza shamba kulipa, na kaka mwenyewe akafa. Mchanganuo wa bili hawakuonyeshwa, walitajiwa jumla tu. "Sasa najua nilipaswa kuuliza nini," alisema. Hakulia. Aliwasha tena filamu yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, Mhariri, sehemu ya kwanza ya jibu langu ni ndiyo, humjenga. Nilimwona mtu mzima akijengwa mbele ya macho yangu, na aliyemjenga hakuwa staa kwa ngumi zake. Zilimjenga zile karatasi mbili.

Ugomvi ulizuka mwishoni. Mhadhiri anajisalimisha, anafikishwa mahakamani, na badala ya kunyongwa anapewa kifungo. Anaishi. Watelugu wakapiga makofi. Yule mpishi, aliyekuwa amekaa mlangoni akimenya vitunguu kwa siku ya pili yake bila kusema neno, akatupa kisu kwenye sufuria. "Mmechukua filamu yetu," alisema, "mkaitoa roho."

Ndipo nikajua kwamba Tagore ni mtoto wa filamu nyingine. Ya asili ni ya Kitamil, Ramanaa, ya mwaka 2002, iliyoandikwa na kuongozwa na A. R. Murugadoss, na staa wake ni Vijayakanth. Kisa ni kilekile, hospitali ileile, na chuki ya neno msamaha ni ileile. Ila kule stelingi ananyongwa. Hata ilipotengenezwa kwa Kihindi mwaka 2015, na Akshay Kumar ndani yake, alinyongwa. Watelugu ndio waliomwacha hai. Mpishi hakuwa na elimu kubwa, lakini swali aliloliuliza usiku ule sijasikia mhakiki yeyote akiliuliza vizuri zaidi: mtu anayesema halipendi neno msamaha, inakuwaje mwisho wa yote asamehewe yeye?

Kijana wa Vijayawada alisimama, nikadhani watashikana. Hakumgusa. Alisema mama yake alikwenda sinema na majirani zake siku ya pili tu filamu ilipotoka, na mama yake hawezi kumwona Annayya kwenye kitanzi. Kwao, filamu mpya ya staa ikitoka, vijana hulimwagia maziwa bango lake mlangoni mwa sinema, kama wanavyomwagia sanamu ya mungu. "Hao wakubwa wanashinda kila siku," alisema. "Wakala aliyenileta huku kalamba pesa za mama yangu, na anaishi raha. Wewe unataka hata ndani ya televisheni wa kwetu auawe?"

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi na silidharau. Sisi wenyewe tulikua tukisema stelingi hafi. Kwenye video za mtaani, mtoto aliyekuwa ameshaiona filamu alikuwa anawatuliza wenzake kwa maneno hayo. Ni faraja ya watu walioshindwa sana. Lakini nikilazimishwa kuchagua, nasimama na mpishi. Mhadhiri yule ameua watu. Akinyongwa, filamu inakubali kwamba njia aliyoipita ina bei, na mtazamaji anatoka akijiuliza kama kuna njia nyingine. Akiishi, sheria inageuka kitu cha kuwabana makarani huku staa akipita pembeni. Na hiyo, jamani, ndiyo rushwa yenyewe: mkubwa anapitishiwa pembeni kwa sababu tunampenda.

Jambo la pili linaniuma zaidi. Mle ndani kuna wale wanafunzi wa zamani, makarani wenye mishahara midogo waliohatarisha kazi zao kutoa nakala za mafaili. Bila wao mhadhiri hana kitu. Baada ya filamu niliwauliza wenzangu kama wanamkumbuka hata mmoja wao kwa jina. Hakuna aliyekumbuka, na mimi pia sikukumbuka. Staa akishajaa kwenye kioo, hao hawana mahali pa kusimama.

Labda ndiyo sababu mapenzi ya sinema hayasafiri vizuri hadi kwenye sanduku la kura. N. T. Rama Rao, staa wa Kitelugu wa zamani, aliweza: alianzisha chama cha Telugu Desam Machi 1982, na Januari 1983 alikuwa waziri mkuu wa jimbo la Andhra Pradesh. Chiranjeevi alipoanzisha chake cha Praja Rajyam pale Tirupati mwaka 2008, umati ulikuwa mkubwa ajabu. Uchaguzi wa 2009 ukampa viti 18 kati ya 294, na mwaka 2011 chama kikamezwa na chama kikongwe cha Congress. Kijana wetu alikuwa ameshahamia Dubai wakati huo. Alinipigia simu, akaongea habari za familia nusu saa nzima, habari za chama hakuzigusa.

Hata watazamaji wenyewe wamebadilika. Januari 2025, msimu wa Sankranti, sikukuu ya mavuno, mtoto wa Chiranjeevi, Ram Charan, alitoka na Game Changer, filamu iliyoongozwa na Shankar kuhusu afisa wa serikali anayepambana na mwanasiasa fisadi. Fedha nyingi zilimwagwa humo, na bado haikufua dafu. Wengi walilalamika kwamba hadithi imechoka. Wala haikunishangaza.

Nirudi kwa mzee wangu. Alirudi Karimnagar mwaka 2007. Wakati huo India ilikuwa imeshapitisha sheria ya haki ya kupata habari, ya 2005, ambayo kwa rupia 10 mwananchi anaiandikia ofisi na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Kulikuwa pia na mpango wa ajira za vijijini, siku 100 za kazi kwa kaya kwa mwaka, uliozinduliwa Anantapur, nchi hiyohiyo ya Watelugu, Februari 2006. Andhra Pradesh ilitangulia majimbo mengine katika kuukagua hadharani: wakaguzi wanakwenda kijijini, wanapita nyumba kwa nyumba na daftari za malipo, halafu wanaitisha mkutano na kuyasoma majina kwa sauti, fulani kafanya kazi siku kadhaa, kalipwa kadhaa.

Mzee alinisimulia mkutano wa kijijini kwao kwenye simu, sauti yake imepanda kama ya mtu aliyetoka sinema. Limesomwa jina, siku kumi na nne za kuchimba mfereji, amelipwa. Mwanamke mmoja akanyanyuka kutoka nyuma akasema huyo ni mume wake, na amekufa kabla mfereji haujaanza. Karani aliyekuwa mbele akainamia karatasi zake.

Nikamuuliza mzee, watu walipiga makofi? Akasema hapana, walinyamaza kimya, maana jina lililofuata lilikuwa linasomwa na kila mtu alitaka kulisikia.