Maswali ya Wasomaji: Alama za Wasaka Vipaji Zisomwe Vipi?

Katika toleo lililopita tuligusia kwa ufupi vijana wa familia zetu wanaocheza futiboli ya Kimarekani na besiboli, na tangu wakati huo barua zimekuja mfululizo. Nimechagua nne, kwa sababu kila moja inauliza kwa njia yake maana ya maneno na alama ambazo wasaka vipaji huandika baada ya kumtazama kijana uwanjani.

SWALI: Mhariri, salamu kwako na kwa wote hapo ofisini. Sisi ni Wakongo kutoka Uvira, na huu ni mwaka wetu wa tisa hapa Columbus, Ohio. Kijana wangu ana miaka 16 na anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni, upande wa ulinzi. Mwezi uliopita alipewa nyota mbili, na chini yake pameandikwa kwamba ana mikono mirefu, ana umbo la kuongeza kilo, nyonga zake ni ngumu, na anachelewa kuusoma mchezo. Siku hiyo mtoto hakula. Je, ndiyo wamemfungia mlango?
*Mama wa watoto wanne, Columbus*

JIBU: Pole sana, Mama, na mfikishie kijana pole yangu. Hakuna mlango uliofungwa. Naomba tuyasome maandishi hayo pamoja, neno kwa neno, maana ndani yake vimechanganywa vitu viwili ambavyo mzazi anapaswa kuvitenga: kile ambacho mtu alikiona kwa macho yake, na kile anachokibashiri. Mikono mirefu, nyonga ngumu na kuchelewa kuusoma mchezo vimeonekana. Nyota mbili, kati ya tano, ni ubashiri wa kiwango atakachofikia.

Mikono mirefu ni sifa kubwa kuliko unavyodhani. Mlinzi wa mstari wa mbele anapogongana na mzuiaji mwenye kilo 130, anayewahi kuweka mikono kifuani mwa mwenzake ndiye anayeamua pambano liende wapi. Mwenye mikono mirefu humweka mpinzani mbali na mwili wake, akajinasua na kumfuata mwenye mpira. Hakuna kocha awezaye kuurefusha mkono wa mtu. Umbo la kuongeza kilo maana yake ni mabega mapana, kiuno chembamba na mifupa mikubwa, kiasi kwamba aliyemtazama mwanao alimwona kijana wa leo na papo hapo akamfikiria mtu wa miaka 21 mwenye kilo 15 zaidi.

Nyonga ngumu ni kasoro ya kweli, na sitakuficha. Anapogeuka kumfuata mtu, kijana wa aina hiyo huinua kiwiliwili kwanza, kisha hupiga hatua mbili za ziada ndipo aelekee anakotaka, na hatua mbili zinatosha kumpa mpinzani njia. Hali hiyo hupungua kwa mazoezi ya kunyoosha viungo na ya kugeuka huku magoti yamekunjwa, ingawa ni nadra kuisha kabisa. Kuchelewa kuusoma mchezo ndiyo kasoro inayonitia wasiwasi mdogo kuliko zote, hasa kwa kijana ambaye huenda alikulia kwenye mpira wa miguu na kuujua mchezo huu akiwa mkubwa, kwa kuwa tiba yake ni kutazama video za mechi na kucheza mara nyingi. Kwa hiyo, Mama, kati ya maneno manne, mawili ni sifa zisizonunulika, na mawili ni kazi ya kufanya.

Kuhusu nyota zenyewe, nisingependa kukwambia kwamba hazina maana. Tovuti ya 247Sports, kwa mfano, huwapa nyota tano vijana wapatao 32 tu kwa mwaka, ikifuata idadi ya nafasi za raundi ya kwanza katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, na ukiwachukua vijana hao kama kundi, ni kweli kwamba wanaofika mbali ni wengi kuliko wenye nyota mbili. Lakini alama inayofaa kulipima kundi haitoshi kumhukumu mtu mmoja. J.J. Watt alikuwa na nyota mbili. Alianza chuo cha Central Michigan akicheza nafasi ya ushambuliaji, akauacha ufadhili wake na kuhamia Wisconsin bila kuahidiwa ufadhili wowote, akahamishiwa kwenye ulinzi, na mwaka 2011 Houston Texans wakamchagua wa 11. Baadaye alitajwa mara tatu kuwa mlinzi bora wa NFL.

Jambo moja la mwisho, ambalo msaka vipaji haliandiki kwenye karatasi yake lakini huuliza kwa kocha mapema sana, ni masomo. Ili kucheza mwaka wa kwanza katika vyuo vya daraja la kwanza la michezo (Division I), mwanafunzi wa sekondari hutakiwa kuwa amemaliza masomo ya msingi 16 yanayotambuliwa, akiwa na wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya kuanza mwaka wa mwisho. Nenda shuleni wiki hii ukamuone mshauri wa wanafunzi, umwombe akuonyeshe orodha hiyo. Nimewaona vijana wenye vipaji vikubwa wakikwama hapo, na hili linaniuma kuliko nyota.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Tanga, ninasoma Kampala na ninacheza besiboli nafasi ya mrushaji. Baada ya majaribio nilionyeshwa karatasi iliyoandikwa 30 na 50 kwenye mpira wangu wa kasi. Ni asilimia? Kama ni asilimia, basi nimefeli.
*Mrushaji, Kampala*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Si asilimia, na hujafeli.

Wasaka vipaji wa besiboli hutumia kipimo kinachoanzia 20 na kuishia 80. Katikati yake ni 50, na hapo ndipo penye siri yote: 50 ni kiwango cha kawaida cha mchezaji wa ligi kuu ya Marekani, yaani mtu ambaye tayari ni miongoni mwa wachezaji bora duniani. Aliye na 60 amewazidi wengi wa hao, na 80 hutolewa kwa nadra mno. Wachezaji wa uwanjani hupimwa hivyo katika mambo matano, ambayo ni kuupata mpira kwa gongo, nguvu ya pigo, mbio, ulinzi na mkono wa kurusha. Mrushaji hupimwa kwa kila aina ya mpira anaourusha, pamoja na uwezo wa kuupeleka anapotaka.

Namba zako ni mbili kwa sababu ya kwanza ni ya leo na ya pili ni ya kesho. Aliyekuandikia 30 aliona kwamba leo mpira wako uko chini sana ya ligi ambayo wastani wa mpira wa kasi ni takriban maili 94 kwa saa, jambo ambalo halishangazi kwa kijana wa miaka 19 aliyekulia mbali na viwanja vyao. Aliyekuandikia 50, ambaye ni mtu huyo huyo, anaamini kwamba mwili wako na namna unavyorusha vinaweza kukufikisha kwenye kiwango cha kawaida cha ligi hiyo. Hiyo 50 ndiyo ya kuitunza. Muulize kocha wako ni kitu gani kilichomfanya aiandike: urefu wako, wepesi wa mkono, au jinsi mguu wa mbele unavyotua. Jibu la swali hilo lina faida kwako kuliko namba yenyewe.

Niliwahi kuketi nyuma ya wavu, pembeni ya msaka vipaji mmoja, katika mechi ya vyuo. Mkono wa kulia alikuwa na saa ya kupimia muda, na katika mechi nzima hakuushangilia mpira hata mmoja. Gongo lilipogusa mpira alibonyeza. Mguu wa mpigaji ulipogusa besi ya kwanza, umbali wa mita 27.4, alibonyeza tena, akaandika bila kuinua kichwa. Alinieleza kwamba mpigaji wa mkono wa kulia akifika kwa takriban sekunde 4.3 ni wa kawaida, na wa mkono wa kushoto hutegemewa kufika mapema kidogo kwa sababu husimama upande ulio karibu na besi hiyo. Kisha mpigaji mmoja akapiga mpira dhaifu uliomfikia mlinzi moja kwa moja, akatembea badala ya kukimbia, na yule bwana akaandika sentensi ndefu kuliko zote za siku ile. Sikuthubutu kuisoma, lakini niliielewa.

Kwa kuwa unaishi Uganda, fahamu pia kwamba uteuzi wa kila mwaka, ambao klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, unawahusu wachezaji wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Wewe unaweza kusajiliwa na klabu yoyote moja kwa moja. Los Angeles Dodgers waliwasajili warushaji wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, mwaka 2022, na mwaka 2023 mdakaji Dennis Kasumba alicheza Maryland na timu ya Frederick Keys. Wenzako wameshaipita njia hiyo. Ikiwa ufupi ndio unaokusumbua, mkumbuke José Altuve wa Venezuela, mwenye mita 1.68, ambaye Houston Astros walimwondoa kwenye majaribio huko Maracay. Alirudi kesho yake, wakamsajili mwaka 2007 kwa dola 15,000, na mwaka 2017 akawa mchezaji bora wa ligi yake.

SWALI: Siku hizi kamera zinapima kila kitu. Kwa nini klabu bado zinawalipa watu wa kukaa jukwaani?
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Ni kweli kwamba tangu 2015 viwanja vyote vya ligi kuu ya besiboli vina mitambo inayopima kasi ya mpira, mzunguko wake na pembe unayotoka nayo kwenye gongo, na klabu kadhaa zimepunguza wasaka vipaji wao. Lakini mtambo hupima kilichotokea. Haukai na mama wa mchezaji, haumwoni kijana alivyojibu kocha alipotolewa uwanjani, na haupo kwenye viwanja vingi vya shule za sekondari.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu ni kwotabeki, ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, na msimu wa kiangazi anacheza besiboli. Kocha anamtaka aache besiboli. Tena kuna mtu anayedai dola 3,000 ili ampandishe nyota na kumtafutia chuo. Nifanye nini?
*Baba, Des Moines, Iowa*

JIBU: Ndugu yangu, nianze na besiboli. Asiache, ikiwa anaipenda na masomo hayayumbi. Patrick Mahomes, kwotabeki maarufu wa NFL ambaye baba yake alikuwa mrushaji wa ligi kuu ya besiboli, aliicheza michezo yote miwili sekondari, na mwaka 2014 Detroit Tigers walimchagua katika raundi ya 37. Alikuwa na nyota tatu tu kwenye futiboli, na miongoni mwa sababu ni kwamba makocha walihofu angewakimbia aende besiboli. Mkono ule unaorusha mpira kutoka pembe zisizo za kawaida, mwili ukiwa hewani, umelelewa pia na besiboli. Kwotabeki Kyler Murray naye alichaguliwa wa 9 na klabu ya Oakland kwenye besiboli mwaka 2018, kisha wa kwanza kabisa kwenye NFL mwaka 2019.

Huyo anayetaka dola 3,000 usimpe hata senti. Hiyo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kocha wa chuo huamua kwa video, kwa vipimo anavyovithibitisha mwenyewe na kwa maneno ya kocha wa shule, na hata ahadi ya mdomo ya kocha huyo haimfungi mpaka hati ya ufadhili itiwe saini. Sembuse ahadi ya mtu wa kati.

Kazi anayoiuza mtu huyo mwanao anaweza kuifanya mwenyewe bila gharama. Kwotabeki Josh Allen, mtoto wa wakulima wa Firebaugh, California, alimaliza sekondari bila chuo kikubwa hata kimoja kumpa ufadhili. Akaenda chuo kidogo cha Reedley, akaongezeka mwili, akawaandikia makocha barua pepe kwa wingi, na chuo kikuu cha Wyoming wakamchukua. Mwaka 2018 Buffalo Bills walimchagua wa 7, na msimu wa 2024 alikuwa mchezaji bora wa NFL. Barua ya mwanao iwe fupi: jina, mwaka wa kuhitimu, kimo, uzito, wastani wa masomo, jina na simu ya kocha wake, na kiungo cha video ya dakika tatu yenye mirusho bora mwanzoni, pamoja na mechi moja nzima bila kukatwa, ili anayetazama aone pia makosa. Mwishoni aweke ratiba ya mechi zijazo, ili anayetaka kumwona ajue aje siku gani na uwanja gani.