Wananipenda mimi au wanapenda "ndiyo" yangu?

Mwanangu wa Wete,

Umeandika kuwa kila sare ya harusi umo, kila mchango umo, na watu wanakuita mtu wa watu. Sasa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, unakuja na harusi tatu, dukani unadaiwa doti mbili za nyuma, na simu ya shoga yako ikilia unaigeuza kifudifudi. Unauliza: ukiacha kukubali, watabaki?

Baadhi watanuna. Nakwambia mapema ili wakinuna usidhani umekosea. Lakini huyo shoga yako hajapata kusikia "sina" kutoka kinywani mwako, na wewe umeshaanza kumkimbia kama mdai. Hilo linaniuma kuliko deni.

Kinachokuponza ni "inshaallah". Wewe unaitamka ukimaanisha hapana. Mwenye shughuli anakuhesabu. Doti zikishanunuliwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, kujitoa kwako ni hasara yake, na hapo utalaumiwa kwa haki. Kama ipo sare ulishaikubali, hiyo lipa. Zilizobaki, jibu kabla nguo hazijachaguliwa. Ukiulizwa mbele ya watu, sema, "Nipe hadi kesho alasiri," na kesho umpigie wewe, usingoje kutafutwa.

Neno liwe fupi: "Sare hii simo, ila harusi nimo." Usirundike sababu. Ukisema mshahara umechelewa, utaambiwa utalipa mwezi ujao. Ukisema rangi haikupendezi, utatafutiwa nyingine. Akinyamaza, nyamaza nawe. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: kimya kinawatisha, wanatoa ahadi mpya. Wala usije ukamtumia fedha usiku kwa kumuonea haya, maana atajua kuwa hapana yako ni ya kusukumwa kidogo tu.

Kisha toa kilicho chako. Umesema unapenda jikoni: ahidi kuja usiku wa kuamkia biriani, kumenya vitunguu thomu na kukaanga vitunguu maji, na ufike kweli. Ukali hauhitajiki, wala usitangaze kwenye kundi la simu kuwa umebadilika. Huko ni kutafuta sifa vilevile.

Anza na harusi ya watu wa mbali kidogo, uzoee. Ya shoga yako usiimalize kwa simu. Mwendee kwao, mkae wawili, umwambie na habari ya zile doti mbili.